UZI: Una permesso ya Italia na unataka kuhamia Ujerumani? Soma kwanza maneno yaliyo kwenye kadi yako

FundiMakaratasi (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Swali la watu walioko Napoli, Brescia, Palermo na Roma limekuwa moja: karatasi ninazo, kazi ya Italia hailipi, je, Ujerumani naweza kwenda? Humu linajibiwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema "Ulaya ni moja, panda basi uende", na wapo wanaosema "subiri uraia". Majibu yote mawili yamewapoteza watu: la kwanza limewaingiza kwenye kazi haramu, la pili limewakalisha miaka wakisubiri haki ambayo tayari walikuwa nayo mfukoni. Naandika kwa ajili ya wale wasio na pasipoti ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya.

Toa kadi yako uisome. Tafuta mstari wa aina ya kibali, "tipo di permesso". Kama pameandikwa LAVORO SUBORDINATO (kazi ya kuajiriwa), MOTIVI FAMILIARI (sababu za familia), ATTESA OCCUPAZIONE (kusubiri kazi) au ASILO (hifadhi ya ukimbizi), kadi hiyo inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Kutembea, siyo kufanya kazi. Kama pameandikwa SOGGIORNANTE DI LUNGO PERIODO (mkaaji wa muda mrefu) na mwishoni kuna herufi UE (kadi za zamani CE), hiyo ni kadi nyingine kabisa. Inatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2003/109, na mwenye nayo ana haki ya kuomba kibali cha kuishi katika nchi ya pili ya Umoja bila kurudi nyumbani kuomba viza. Denmark na Ireland hazimo kwenye sheria hiyo. Uswisi na Norwei pia hazimo.

Walioko nchi nyingine nao waangalie hivyo hivyo. Hispania kuna "larga duración" tupu, ambayo ni ya ndani ya Hispania peke yake, na "larga duración-UE", ambayo inavuka mpaka. Finland kuna P na kuna P-EU. Ufaransa "carte de résident" ya miaka 10 isiyo na maneno "longue durée-UE" haikusaidii kuhama. Herufi mbili tu, na ndizo zinazoamua.

Ukiwa na kadi sahihi, Ujerumani utaombea kibali chini ya kifungu cha 38a cha sheria yao ya ukaaji, Aufenthaltsgesetz. Kishike kifungu hicho kichwani, kwa sababu hata maofisa wengine wa Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) hawakutani nacho mara nyingi, na watakuuliza viza ambayo huihitaji.

Mpangilio wa hatua ni huu, na ukiuvuruga ndipo matatizo yanapoanzia. Kwanza tafuta mwajiri ukiwa bado Italia, au ndani ya siku zako 90 za kutembea. Pili, pata mahali pa kukaa panapokubali kukuandikisha. Tatu, jiandikishe manispaa, ndiyo Anmeldung, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Nne, peleka ombi la 38a kabla siku 90 hazijaisha. Tano, subiri kibali. Sita, ndiyo uanze kazi. Wanaoanza na ya sita ndio wanaoharibikiwa.

Kwenye faili weka pasipoti, kadi ya Italia, mkataba wa kazi, fomu ya "Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis" iliyojazwa na mwajiri, mkataba wa nyumba, karatasi ya Anmeldung na ushahidi wa bima ya afya. Picha: tangu Mei 2025 ofisi zinapokea picha ya kidijitali tu, ile ya karatasi haipokelewi tena. Ada ya kibali ni euro 100. Cheti cha Kijerumani hakidaiwi kwa 38a, ingawa mwajiri anaweza kukidai kwa sababu zake.

---

Kitovu_cha_Ziwa

Asante sana mkuu. Mwenye ASILO afanye nini? Na kwa nini mtu asianze kazi akisubiri, maana wengi hupewa ile karatasi ya muda?

---

FundiMakaratasi

Kitovu, mwenye hadhi ya ukimbizi au protezione sussidiaria (ulinzi wa nyongeza kwa asiyepewa ukimbizi) naye anaweza kuomba lungo periodo. Zamani hakuweza, mlango ulifunguliwa na sheria ya Umoja namba 2011/51. Anahesabiwa miaka mitano ya ukaaji halali kama wengine.

Masharti ya Italia kwa wote ni miaka mitano mfululizo, kipato cha mwaka kisichopungua kiwango cha assegno sociale, posho ya serikali kwa wazee wasio na kipato (mwaka 2025 kilikuwa kama euro 7,003 kwa mtu mmoja, familia inaongeza), na kwa kawaida mtihani wa Kiitaliano wa ngazi ya A2. Malipo ni euro 100 za mchango, 30.46 za kadi, 30 za posta na marca da bollo (stempu ya serikali) ya 16. Kinachowaangusha watu ni safari za nyumbani. Ukikaa nje ya Italia zaidi ya miezi sita mfululizo, au zaidi ya miezi kumi kwa jumla ndani ya ile miaka mitano, hesabu inavunjika, isipokuwa una sababu nzito kama ugonjwa au jeshi. Piga hesabu kwa mihuri ya pasipoti kabla hujajaza kit ya posta (bahasha ya fomu za maombi).

Sasa kazi. Karatasi ya muda ni Fiktionsbescheinigung. Ukiomba kibali wakati ukaaji wako bado ni halali, unahesabika kuwa upo kihalali mpaka wakujibu. Lakini kuwepo kihalali ni kitu kimoja na kufanya kazi ni kingine. Soma ilivyoandikwa kuhusu kazi: "Erwerbstätigkeit nicht gestattet" maana yake kazi hapana, hata ya saa mbili.

Sababu ni kwamba katika miezi 12 ya mwanzo ya kibali cha 38a, kazi yako lazima ikubaliwe na idara ya ajira, Bundesagentur für Arbeit. Wanaangalia mambo mawili. La kwanza, mshahara na saa zako zisiwe chini ya za Mjerumani wa kazi hiyo hiyo. La pili, Vorrangprüfung: je, yupo Mjerumani au raia wa Umoja anayeweza kuajiriwa nafasi hiyo? Ghala lililo kwenye mji wenye wasio na kazi wengi linaweza kukataliwa hapo. Kazi ya uuguzi, udereva wa malori, ufundi wa umeme au mabomba hupita kwa urahisi zaidi. Baada ya miezi hiyo 12 kizuizi kinaondoka, unafanya kazi yoyote.

Waajiri wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba ridhaa hiyo mapema, kabla wewe hujafika kwenye ofisi ya wageni. Inaitwa Vorabzustimmung. Mwambie mwajiri aiombe. Na ombi likishafika idara ya ajira kutoka ofisi ya wageni, wana wiki mbili za kujibu. Wakinyamaza, inahesabika wamekubali. Mkataba nao uandikwe kwamba kazi itaanza kibali kikipatikana. Hapo ule mzunguko wa "lete kibali nikupe kazi, lete kazi nikupe kibali" unakatika.

---

Bandari_Kuu

Niongezee kwa vijana waliokuja na viza ya kazi ya Poland, maana huko ndiko wanakoumizwa sana siku hizi. Viza D (ya kukaa muda mrefu) ya Poland au karta pobytu (kadi ya ukaaji) ya kawaida haikupi kazi Ujerumani wala Uholanzi. Mawakala wanawaambia wapande gari hadi ghala la Uholanzi kwa sababu "kampuni ni ya Poland".

Ipo njia halali ya kampuni kumtuma mfanyakazi wake nchi nyingine, lakini ina alama zake: una cheti cha A1 chenye jina lako (kinachoonyesha unachangiwa hifadhi ya jamii huko Poland), kampuni ina shughuli za kweli huko Poland, ulikuwa na kibali cha kazi cha huko kabla ya kutumwa, kutumwa kwenyewe ni kwa muda maalumu, na mshahara unafuata kiwango cha nchi unakofanyia kazi. Ukiingia Ujerumani kwa kazi ya namna hiyo, ubalozi unatoa viza yake maalumu iitwayo Vander Elst. Wakala asiyeweza kukuonyesha A1, mkatalie hata kama basi liko mlangoni. Wakikamatwa, yeye analipa faini na kuendelea na biashara. Wewe unarudishwa na kuzuiwa kuingia Schengen.

---

Shangazi_wa_Mji

Ndugu zangu, hayo ya sheria yameelezwa vizuri. Mimi naleta ya nyumba na barua, maana ndiyo yanayozima ndoto za watu kimya kimya.

Anmeldung haiwezekani bila Wohnungsgeberbestätigung, karatasi moja inayosainiwa na mwenye nyumba kwamba umehamia kwake tarehe fulani. Mkataba wa nyumba hauchukui nafasi yake. Kabla hujalipa hata senti, uliza: "Je, Anmeldung inawezekana hapa?" Anayejibu "hapana, lakini usijali" mwache. Na wanaouza karatasi hiyo mitandaoni kwa anwani ambayo hutalala hata siku moja, hilo ni kosa. Anayetoa anwani ya uongo anaweza kutozwa hadi euro 50,000, na ofisi ya wageni ikigundua, ombi lako limekwisha.

Amana ya nyumba kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, kodi tupu bila joto na maji, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, la kwanza unapoanza kupanga. Usitume amana kabla ya kuona nyumba na kushika mkataba. Anayesema yuko nje ya nchi na funguo atazituma kwa posta ni mwizi, sijaona kingine.

Halafu sanduku la barua. Hili watu wanalidharau. Siku unayohamia, andika jina lako kwenye karatasi ngumu, kwa herufi kubwa, kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Kama unaishi chumba ndani ya nyumba ya mtu, bandika chini ya jina lake. Mleta barua wa Ujerumani haangalii namba ya chumba, anaangalia jina. Jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka, na kwenye barua hizo mna namba ya kodi, kadi ya bima, namba ya siri ya benki na wito wa ofisi ya wageni. Watu wanakaa miezi miwili wakilalamika serikali haijawajibu, kumbe serikali ilijibu mara tatu na barua zote zikarudi.

---

Mizani_Sawa

Dada ameligusa. Namba ya kodi, Steuer-ID, ina tarakimu 11 na inakuja yenyewe kwa posta wiki chache baada ya Anmeldung. Kwa hesabu za mshahara mwajiri anaweza kuvumilia kwa muda, hadi miezi mitatu, kama kuchelewa si kosa lako. Asipovumilia, anakuweka Steuerklasse VI (daraja la kodi la sita), ambako kodi inakatwa bila ule msamaha wa kipato cha chini. Fedha hiyo inarudi namba ikifika na hesabu ikirekebishwa, au ukijaza ritani ya mwaka, lakini mwezi wa kwanza utalia.

Tuweke hesabu mezani ili mtu asidanganywe na mshahara wa kwenye tangazo. Chukua euro 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki, ambayo ni kama 2,600 kwa mwezi kabla ya makato. Mtu mmoja, hana mtoto, amezidi miaka 23, Steuerklasse I, viwango vya 2025: pensheni 9.3% ni 241.80. Bima ya kukosa kazi 1.3% ni 33.80. Bima ya afya, nusu yako pamoja na nyongeza ya wastani, 8.55% ni 222.30. Bima ya uangalizi wa wazee, 2.4% kwa asiye na mtoto, ni 62.40. Hapo tayari ni 560.30. Ongeza kodi ya mapato, kama 200 na ushee. Mkononi unabaki na karibu 1,830. Toa kodi ya chumba, toa 18.36 ya Rundfunkbeitrag (ada ya redio na televisheni) ambayo kila kaya inadaiwa hata kama haina televisheni, toa usafiri.

Kima cha chini Ujerumani ni 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Italia haina kima cha chini cha kisheria kwa wote, inategemea mikataba ya vyama vya wafanyakazi, ndiyo maana tofauti inaonekana kubwa. Lakini linganisha kinachobaki baada ya chumba, usilinganishe tarakimu za juu. Chumba cha München kinaweza kula faida yote ya kuhama, wakati mji mdogo wa Sachsen au Niedersachsen wenye mshahara huo huo utakuachia akiba.

---

Gurudumu_Kumi

Kwa madereva wa malori. Leseni ya Italia ya C+E (lori na tela) inatambulika Ujerumani, na namba 95 kwenye leseni (ile CQC, sifa ya udereva wa kikazi) inatambulika vilevile. Inadumu miaka mitano na inahuishwa kwa masaa 35 ya mafunzo. Angalia nyuma ya leseni yako safu ya 12. Ukiona namba 70 ikifuatiwa na alama ya nchi isiyo ya Ulaya, maana yake leseni hiyo ilibadilishwa kutoka leseni ya nje, na nchi ya pili hailazimiki kuitambua. Aliyefanya mtihani Italia tangu mwanzo hana shida hiyo.

Lingine: dereva asiye raia wa Umoja kwa kawaida anahitaji cheti cha dereva kinachoombwa na kampuni kwa safari za kimataifa. Mwenye lungo periodo ya UE amesamehewa cheti hicho. Mwajiri asipojua, mwambie asome kifungu cha 5 cha kanuni 1072/2009. Wengi wanakataa watu kwa kuogopa karatasi ambayo haihitajiki.

---

Kitovu_cha_Ziwa

Na wenye OSS (cheti cha msaidizi wa uuguzi)? Huku Italia tuko wengi sana kwenye nyumba za wazee.

---

Shangazi_wa_Mji

OSS ya Italia, ile ya saa 1,000, haitambuliki moja kwa moja. Muuguzi kamili, infermiere, yeye ana utambulisho wa moja kwa moja kwa sheria 2005/36 kama alisomea ndani ya Umoja, akiongeza Kijerumani cha B2. OSS anaomba kwenye ofisi ya jimbo atakalofanyia kazi, na kila jimbo lina masharti yake kwa msaidizi wa uuguzi. Peleka cheti pamoja na orodha ya masomo na saa zake, vyote vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Watu wanapeleka cheti peke yake, ombi linakaa miezi.

Si lazima usubiri utambulisho ndipo uajiriwe. Nyumba za wazee zinaajiri wasaidizi bila cheti kinachotambulika, na sekta hiyo ina kima chake cha chini: kuanzia Julai 2025 kiliwekwa 16.10 kwa saa kwa asiye na sifa, 17.35 kwa mwenye mafunzo ya mwaka mmoja, 20.50 kwa muuguzi kamili. Cheti kikitambuliwa unapanda daraja. Anza Kijerumani ukiwa Italia, hata A2, kwa sababu zamu ya usiku utaandika ripoti wewe, na mzee akianguka simu utapiga wewe.

---

FundiMakaratasi

Nilisahau la muda, nalo ni zito.

Aliyefika mwaka wa nane au wa tisa Italia afikirie mara mbili. Uraia kwa asiye wa Umoja kwa kawaida unadai miaka 10 ya ukaaji halali na usiokatika kwenye anagrafe (daftari la wakazi), na Kiitaliano B1, ingawa mwenye lungo periodo ya UE amesamehewa hicho cha B1. Ukijiondoa comune (manispaa) leo, mnyororo unakatika. Mwenye pasipoti ya Italia anahamia Ujerumani bila ofisi ya wageni, bila idara ya ajira, na mwenzi wake asiye wa Umoja anapata kadi ya mwanafamilia ya miaka mitano. Mtanzania na Mkongo wa DRC mkumbuke sheria za nyumbani hazikubali uraia wa nchi mbili. Mkenya anaruhusiwa tangu katiba ya 2010.

Kwa aliyehama na 38a, hadhi yako ya Italia haifi siku unayopanda treni. Inakufa ukikaa nje ya Umoja wote miezi 12 mfululizo, au ukiwa nje ya Italia miaka sita, au Ujerumani ikikupa hadhi kama hiyo ya kwake. Kwa hiyo una nafasi ya mwaka mmoja: ukitimiza miaka mitano Ujerumani, omba Daueraufenthalt-EU ya kwao kabla wa sita haujaisha. Wanadai kipato na Kijerumani B1, na miezi yako ya pensheni wataihesabu. Anayejisahau hapo anaweza kubaki bila ya Italia na bila ya Ujerumani.

Pensheni ya Italia haipotei. Miezi ya INPS (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Italia) na miezi ya Ujerumani inajumlishwa kutimiza masharti, kila nchi inalipa sehemu yake. Kabla hujaondoka chukua nakala ya estratto contributivo (orodha ya michango yako), na uombe fomu U1 (inayothibitisha miezi uliyofanya kazi). Ukipoteza kazi Ujerumani, miezi ya Italia itaongezwa kwenye ile 12 inayotakiwa ili upate posho ya kukosa kazi, mradi kazi ya mwisho iwe ya Ujerumani.

---

Kitovu_cha_Ziwa

Miadi ya ofisi ya wageni wanasema haipatikani hata miezi minne. Siku 90 zitaisha kabla.

---

FundiMakaratasi

Kinachohesabiwa ni siku ombi lako lilipowafikia, siyo siku ya miadi. Tovuti ya ofisi ikiwa na fomu ya mtandaoni, jaza uhifadhi uthibitisho. Ikiwa haina, tuma barua pepe na barua ya posta yenye risiti, Einschreiben, ikiwa na sentensi hii ya kuomba kibali cha 38a pamoja na Fiktionsbescheinigung:

"Hiermit beantrage ich die Erteilung einer Aufenthaltserlaubnis nach § 38a AufenthG sowie die Ausstellung einer Fiktionsbescheinigung."

Chini yake jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya Anmeldung, tarehe uliyoingia Ujerumani, na nakala za pasipoti, kadi ya Italia pande zote mbili, mkataba na bima. Utie saini. Risiti ya posta ipige picha, kisha utembee nayo pamoja na pasipoti mpaka siku watakayokuita.